Fundi Kola, Baba Yetu: Mwaka wa Kwanza Bila Wewe

Umekatika mwaka mzima, Baba, tangu utuache katika chumba cha nyuma, kando ya pazia ulilolishona mwenyewe. Bado hatujazoea.

Wateja walikuita Fundi Kola kwa sababu hakuna aliyekaza kola kama wewe. Ulikaa dirishani kwenye cherehani, tepu shingoni, pini umezibana midomoni, na bado ulitania watu bila kuzitoa. "Shingo yako haina neno," ulimwambia dereva wa lori aliyelalamika kuwa shati halipiti, "kichwa ndicho kimezidi vipimo." Nguo ya msiba uliishona kabla ya nguo ya harusi. Ulisema mwenye harusi atakuja kugomba, mwenye msiba hana hata nguvu za kugomba.

Kisha shati lako mwenyewe likaanza kukubana. Ukasema kitambaa kimesinyaa, ukasogeza kifungo. Likabana tena, ukakisogeza tena. Mtu asiye fundi angekwenda hospitali. Wewe ulikuwa na sindano mkononi, ukaona ni kazi ya dakika mbili. Mama ndiye aliyeugusa ule uvimbe chini ya taya siku alipokukunjia kola. Haukuwa unauma, kwa hiyo ulimcheka.

Daktari wa koo alisema ni saratani, imeanzia nyuma ya ulimi na imekwisha kushuka shingoni. Tulibisha. Hukuvuta sigara, hukunywa pombe, tumbaku hukuijua. Tukazilaumu pini zako.

"Si pini," alisema. "Ni kirusi, kinaitwa HPV. Ndicho kinachowaletea wanawake saratani ya mlango wa kizazi. Kinapita kwa kujamiiana, hata kwa mdomo. Watu wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki kimya miaka na miaka. Na msianze kutafutana nani alimletea mwenzake, hakuna kipimo cha kujibu hilo."

Watu walitafutana hata hivyo. Shangazi zetu walimtazama Mama kwa jicho la pembeni, Mama akakutazama wewe, na mtaani wakawa na lao la kusema. Wateja wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa, eti wana haraka.

Hatutaupamba ugonjwa wako. Mionzi iliibambua ngozi ya shingo, mate yakakauka, maji ukiyanywa yanatokea puani. Ukalishwa kwa mrija. Mwili ukakwisha. Uliteseka, Baba, na hatukuwa na la kufanya ila kukugeuza ubavu na kukufuta midomo. Tulikuwa na hasira na bado tunayo.

Kabla sauti haijakatika kabisa uliomba jambo moja: kitinda mimba wako, aliye darasa la sita, achanjwe dhidi ya kirusi hicho sasa, kabla hajakutana nacho ukubwani. Mama alikataa.

"Nikimpeleka watasema nimekiri. Niachie hii heshima kidogo iliyobaki."

"Mama watoto," ulimwambia, kwa ile sauti ya kukwaruza, "mimi nakufa. Heshima ya nini?"

Ulikwenda bila jibu. Wauguzi wa chanjo walipokuja shuleni, Mama alimbakiza mtoto nyumbani, akasema ana homa. Hakuwa na homa. Tulimsihi, tukamnunia, tukachoka. Mtoto mwenyewe aliacha kuuliza.

Juma lililopita, bila kumwambia mtu, Mama alimvalisha sare akamshika mkono hadi kliniki. Kwenye benchi walimkuta mama muuza mkaa, jirani yetu, ambaye tangu mazishi amekuwa akituzungukazunguka na swali lake.

"Hivi shoga, Fundi alikufa na nini hasa?" aliuliza. "Maana tumesikia mengi."

Mdogo wetu anasema Mama hakushusha sauti wala kuinamisha uso.

"Saratani ya koo. Ililetwa na kirusi. Huyu ni mwanawe, nimemleta achanjwe. Wa kwako yuko wapi?"

Mama ameagiza tuyaandike haya kama yalivyo, nasi tumemsomea kabla ya kuyatoa.

Unakumbukwa na mkeo. Na binti yako mkubwa, anayeendesha cherehani yako. Na mwanao dereva na mkewe. Na dada zako, waliokuja kumwomba Mama radhi. Na wajukuu wawili. Na kitinda mimba wako, ambaye bega lilimuuma siku hiyo, na hakulia.

Hutatutoka moyoni, Baba, siku zote za uhai wetu.