Ua la Chikanda

Jumatatu, 3 Februari
Nimepima maharage tangu asubuhi. Malori hapa Tunduma hayajasogea, barabara yote matope. Goti linauma. Daktari kasema likishapasuliwa nisahau milima, na upasuaji ni wiki ijayo. Basi Kitulo, kwenye hifadhi ya maua, naenda wiki hii. Miaka tisa nilinunua mizizi ya chikanda kwa debe, nikaivusha mpaka hadi Nakonde kwa Wazambia wanaoila. Ua lake sijawahi kuliona. Aibu.

Jumanne, 4 Februari
Mdogo wangu Zawadi kanicheka. "Dada, nauli yote hiyo ukaangalie maua?" Nimepika chikanda kwa karanga na pilipili, nimpelekee atakayenipa malazi. Kwa watu siendi mikono mitupu.

Jumatano, 5 Februari
Basi hadi Chimala, kisha gari la Noah kwenye zile kona za kupanda mlima. Nilifumba macho. Matamba mvua, baridi kali. Gesti ya kwanza imejaa. Ya pili dari linavuja juu ya kitanda. Nimekataa. Mwenye duka kanielekeza kwa Mama Neema, anapangisha chumba cha uani. Blanketi tatu, chai ya moto. Mumewe askari wa hifadhi, ndiye wa kunipandisha kesho.

Nikatoa chikanda yangu, nikampa kwa mikono miwili.

Akaitazama, akaiweka mezani. "Mama, hii ndiyo Baba Neema anayoilinda isichimbwe."

Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kusema nimeinunua njiani. Nikasema yote, miaka tisa. Akaenda jikoni. Kesho huenda nikafukuzwa. Wakinifukuza nitatafuta mwingine wa kunipandisha. Sirudi Tunduma hivi hivi.

Alhamisi, 6 Februari
Hawakunifukuza. Baba Neema, keshaambiwa yote, kanipeleka mwenyewe. Njia nzima katangulia na fimbo yake. Juu kule maua mpaka macho yanachoka. Nikamwuliza chikanda ni lipi. Mimi, niliyekuwa najua mizizi mizuri kwa kubonyeza gunia tu.

Akanionyesha kwa fimbo. Dogo, la zambarau, mbele ya kiatu changu. Ilibaki kidogo nilikanyage.

Nikapiga magoti, na lile bovu pia. Vidole vikaenda vyenyewe kwenye udongo, chini ya shina, kutafuta mzizi. Baba Neema akakohoa. Nikavitoa, nikavifuta kwenye kanga.

Nimekaa pale mpaka mvua ilipoanza.