Mkeka Mgahawani

Hamburg,
Jumapili jioni

Dada Mwajuma,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo uliokushika tangu siku za msiba umelegea. Baba anakula? Mahindi ya shamba la Mama yamefikia wapi, na nani anayapalilia? Mimi mwili wangu ni mzima. Mengine ndiyo haya.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu hatufiki mwisho. Nikianza kusema unalia, nami naacha nililotaka kusema naanza kukubembeleza. Karatasi utaisoma mpaka chini. Ataileta Mama Rehema, anayekuja Tanga kumwona mjukuu wake, na ameahidi kufika hadi Mazingara akukabidhi mkononi. Ni yule mama utakayemkuta humu chini. Mpikie bada ya muhogo, ameikosa miaka mingi.

Nitaeleza kama ninavyoeleza kazini, la kwanza likitangulia. Nikikosea mahali, nisahihishe.

Mwezi ule nilikuwa na kazi ya migahawa. Tangu gazeti lililonileta huku lifungwe, ninaandika chochote kinachoagizwa. Safari hii mhariri mmoja wa tovuti ya wasafiri alitaka orodha ya migahawa ya kujificha hali ya hewa ikichafuka. Pawe na joto, pawe na viti laini, na mtu aweze kukaa na kikombe kimoja mchana kutwa bila kufukuzwa kwa macho. Na hali ya hewa ilikuwa imechafuka kweli. Chukua baridi ya Lutindi alfajiri ya mwezi wa saba, ongeza upepo unaogeuza mwavuli ndani nje, na mvua yenye vipande vya barafu inayokuja kwa ubavu. Giza linaingia watu wakiwa bado kazini. Chumbani kwangu mwenye nyumba huwasha joto kwa saa anazotaka yeye, kwa hiyo kazi ile niliipokea vizuri. Mtu aliyeandika miaka na miaka juu ya kesi za ardhi Handeni na ajali za barabara ya Korogwe sasa anabonyeza mito ya viti kujua kama ni laini. Kazi ni kazi.

Ijumaa nilipiga simu kama kawaida. Ulipokea wewe. Nikamtaka Mama. Ukaniambia koo limemkauka, hawezi kuongea, umempikia tangawizi. Nyuma yako nilisikia watu wengi na masufuria yakigongana. Nikauliza kuna nini, ukasema ni kikao cha harusi ya Asha wa kaka Bakari. Nikasema hongereni. Sasa najua kwamba Mama alizikwa mchana ule ule baada ya sala, na masufuria yale yalikuwa ya kupikia watu waliotoka makaburini.

Kesho yake nikaingia mgahawa mmoja kule bandarini. Ukuta wake mzima umezungushiwa kamba kuwa pambo. Nilisogea nikainusa. Ilikuwa katani halisi, ile harufu ya nguo za Baba akirudi kutoka shambani mkongeni. Nikapiga picha nikaituma kwenye kundi letu la familia, nikaandika: mwonyesheni Mama, na Baba aone mkonge wake umefika wapi. Ulijibu wewe. Uliandika, "Tutamwonyesha." Asha akaweka moyo mwekundu. Nikaagiza kikombe cha pili kwa furaha.

Siku iliyofuata nikatuma picha nyingine, ya keki. Kwa hiyo hitima ya mama yangu ilisomwa huku simu zenu zikipokea picha za keki kutoka kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeniambia acha.

Ndipo akanipigia mtu anayejiita Bwana Maganga. Alisema amepewa namba yangu na dada yake, yule muuza vitenge wa stendi ya Korogwe, na anataka tuonane. Nilidhani ni salamu za kawaida. Kwa kuwa nilikuwa bado na migahawa ya kuzungukia, nikamwelekeza kwenye ule ulio karibu na stesheni, wenye makochi na majiko ya ukutani. Nilitaka kumaliza mambo mawili kwa safari moja.

Ni mtu wa makamo, mnene, anafua nguo za hospitali, na mikono yake imebabuka kwa sabuni. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Korogwe kukata mkonge. Basi ni mtani wetu, na alianza pale pale mlangoni, akikung'uta maji kofiani.

"Mzigua, uko hai? Mimi nimekuja kuzika, nakukuta unakunywa kahawa."

"Babu yako alikuja kukata mkonge akasahau njia ya kwao," nikamwambia. "Wewe hata ya Korogwe umeisahau."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekalia mzigo wa mwenzake. Akaniuliza ninaishi na nani. Nikasema peke yangu. Akauliza kama nina jirani mwanamke, mtu mzima. Akauliza kama nimekula. Akauliza kama haiwezekani tukaongelea nyumbani kwangu badala ya hapa penye watu. Kisha akaanza kunisimulia jinsi mkewe alivyofariki, yeye akiwa kazini, na jinsi mtu anavyoweza kuendelea kuishi baada ya hapo.

Wewe ungeelewa nini, Dada? Mwanamume aliyefiwa na mke, ametumwa na watu wa nyumbani, anauliza ninaishi na nani na kama anaweza kuja kwangu. Nilielewa hivyo hivyo. Nikamtania kwamba Wanyamwezi wanapenda njia ndefu, nikalipa kahawa, nikaenda zangu. Njiani niliandika kwamba makochi ni mazuri ila muziki uko juu.

Mara ya pili alinipigia akasema atakuja na mama mmoja wa Tanga, mtu mzima mwenye heshima zake. Hapo nikawa na uhakika. Nikawapeleka kwenye mgahawa wa kamba, maana nilitaka mtu wa kwetu aone ile katani. Mama Rehema alikuja na baibui lililolowa mpaka magotini. Hakutazama kamba. Alinishika mkono akauacha ndani ya wake, akasema, "Mwanangu, kunywa chai kwanza."

Sikumpa nafasi ya kufika kwenye la pili. Niliwaambia kwamba nawaheshimu, lakini wamepoteza nauli: mimi niliolewa mara moja Handeni, ikanitosha, na kama dada yangu Mwajuma ndiye aliyepanga posa hii basi nitamtafuta mimi mwenyewe. Nilisema kwa kucheka. Bwana Maganga aliinamisha kichwa. Mama Rehema akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba leo haitawezekana. Nilidhani anazungumzia posa.

Baadaye Mama Rehema aliniambia ilivyokuwa. Mtu akishacheka mbele yako namna ile, alisema, mdomo unakataa.

Ilipofika Alhamisi mvua ilikuwa haijakatika. Nilikuwa kwenye mgahawa mdogo mtaani kwangu, wa mwisho katika orodha yangu, mahali pa meza chache na bomba la joto linalopita chini ya dirisha. Ndio wenye joto kuliko yote niliyoingia. Bwana Maganga alikuwa ameniomba dakika chache tu, mahali popote. Nikawaona kupitia kioo wakivuka barabara. Yeye alikuwa amevaa suti. Mama Rehema alikuwa amebeba kitu kirefu kwapani, amekizungushia mfuko wa plastiki kisilowe.

Alipoingia akautoa mfuko, nikaona ukindu. Ulikuwa mkeka.

Posa haiji na mkeka. Nilisimama. Sikuhitaji kuambiwa ni jambo gani, nilihitaji kuambiwa ni nani.

"Ni Baba au ni Mama?" nikauliza.

Bwana Maganga alivua kofia. "Ni Mama," akasema.

"Lini?"

Akamgeukia Mama Rehema. Nikauliza tena. Mama Rehema ndiye aliyesema kwamba leo ni wiki nzima.

Alitandaza mkeka pale sakafuni, kati ya meza na dirisha, akavua viatu akakaa, akanivuta nikakaa na koti langu. Alisema habari ya mama haisikilizwi juu ya kiti. Watu waliokuwa na magazeti wakayashusha kidogo, kisha wakayainua. Nilikaa pale kama muda wa kunywa kikombe kimoja. Ndipo akaja mhudumu, mama mmoja wa makamo, akainama akaniuliza kwa upole kama tunaweza kukunja kitambaa chetu, kwa sababu hapo ni njia ya kwenda msalani. Hakuwa na ubaya. Ni kweli ilikuwa njia. Nikaukunja mwenyewe mkeka wa msiba wa mama yangu, tukarudi kwenye viti, na yeye akatuletea orodha ya vinywaji.

Bwana Maganga alikumbuka wajibu wake wa mtani. Alisema, "Mzigua, mpaka msiba wenu unafukuzwa na watu wa kahawa." Nikacheka. Ndipo nikalia.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa yangu.

Najua desturi, Dada, usinifundishe. Habari ya kifo haitupwi kama habari ya bei ya mahindi. Anatumwa mtu mzima, anaketi, anakula, anauliza hali, ndipo anasema, na pembeni pawe na wa kumshika mfiwa asianguke. Ni desturi nzuri ukiwa Mazingara, na mjumbe anatoka nyumba ya pili. Mimi mjumbe wangu ilibidi atafutwe stendi ya Korogwe, apatikane, aombe ruhusa kazini, ashindwe, arudi, ashindwe tena. Siku zote hizo ninyi mlikuwa mkilia pamoja na mimi nikionja keki.

Nilipokupigia jioni ile ulisema, "Ningekwambiaje kwa simu, mdogo wangu? Uko peke yako huko. Ungeanguka, nani angekushika?" Kisha kaka Bakari akachukua simu akasema hata ningeambiwa ningefanya nini, kibali changu cha kuishi huku kiko ofisini kinafanywa upya, nikitoka sirudi. Ni kweli, nisingefika. Ningejua tu. Ijumaa ile saa ya sala ningejua kwamba ndiyo saa yenyewe, ningekaa chini chumbani kwangu kwenye baridi na kumwombea mama yangu wakati anashushwa. Hilo mmenipokonya, na hamwezi kunirudishia. Peke yangu nilikuwa vile vile, na sikujua.

Liko jingine, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Juzi nilipiga nikamtaka Baba. Ukasema koo limemkauka kidogo. Huenda hukusikia ulichosema. Mimi nilisikia. Nilikuwa nimesimama sokoni, nikaweka kikapu chini. Nikampigia kaka Bakari, hakupokea. Nikampigia Asha, nikamwambia aende chumbani kwa babu yake sasa hivi na simu mkononi. Nikasikia viatu vyake, mlango, kikohozi. Kisha Baba akaniuliza kama huku mvua imeacha.

Ilikuwa koo kweli. Hukudanganya safari hii. Lakini uliniwekea mama yangu kaburini chini ya neno hilo, na sasa kila mtu wa nyumba yetu akikohoa mimi nazika. Ulitaka kuniepusha na habari moja mbaya. Umenifanya niisikie kila wiki.

Orodha yangu imetoka. Mgahawa wa kamba umekaa wa kwanza, mhariri alipenda ile habari ya katani. Ule wa mtaani kwangu, wenye joto kuliko yote, sikuuandika. Huwa naupita kwa upande wa pili wa barabara.

Kwenye arobaini muwape watu chakula kwa jina langu pia, na kaka Bakari aniambie kaburi liko upande gani wa lile la bibi, maana kwenye picha sikuelewa. Msalimie yeye, aliyeingia kaburini kumpokea Mama. Kwa hilo namshukuru, mengine tutaongea. Msalimie mama mdogo wa Mpale aliyemwosha dada yake. Mwambie Asha simkasirikii kwa ule moyo mwekundu; alifanya alivyoambiwa. Dada wa Bwana Maganga, ukipita stendi, mwambie kaka yake ni mtu mwema na kazi mliyompa haikuwa ya mtu mmoja. Baba mpe shikamoo yangu na umsomee barua hii yote, hata mahali anapotajwa.

Anazeeka, nawe unaona kila siku ninachosikia mimi kwenye simu. Siku yake ikifika usinitafutie mtu. Nipigie wewe, kwa sauti yako, saa hiyo hiyo, hata kama ni mvua, hata kama niko kati ya watu nisiowajua wanakunywa kahawa. Usiogope kwamba hakuna wa kunitandikia. Mama Rehema aliniachia mkeka. Uko nyuma ya mlango.

Mdogo wako,
Hadija