Nauli Yake, Hasara Yangu

Shoga, uko? Nimetoka bandarini sasa hivi. Ile mashine ya kufumia masweta imefika imeliwa na maji ya chumvi. Kutu tupu, mwenzangu!

Nikamwambia wakala wa forodha ampigie muuzaji huko ng'ambo aje achukue taka yake. Si yeye aliyelipa nauli ya meli mpaka hapa?

Akanitazama kwa huruma. "Bibi, nauli ilikuwa yake, lakini kwa mkataba wenu mzigo ulikuwa wako tangu ulipopakiwa melini kule. Baharini kote ulikuwa wako."

Baharini kote! Mimi nimejilalia kitandani kwangu, kumbe nina mali inaogelea.

"Bima je, ulikata?" akaniuliza. Bima ya nini? Mwanangu mkubwa, yule mjuzi wa kila kitu, ndiye aliyenikataza. "Mama, anayelipa nauli ndiye mwenye mzigo. Tulia." Nikatulia. Leo nampigia, ananijibu, "Pole mama, ndiyo biashara." Ndiyo biashara, ati!

Na mjukuu wangu keshaacha kazi kwa watu ili aje afume na mashine hiyo.

Kinachonichoma zaidi, hata wa kumtukana sina. Muuzaji aliahidi kulipa nauli, na nauli kailipa. Hakudanganya hata neno.

Sasa nimekaa barazani kwangu. Mjukuu yuko ndani, namsikia anaimba huku akipanga nyuzi kwa rangi. Nijibu, shoga, kabla sijafungua huu mlango.