Mlima Unaodai Maneno

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kalazwa. Mimba ina wiki thelathini, na presha imepanda mpaka daktari akaipima mara mbili, mkono huu na ule. Alale ubavu wa kushoto. Asiinuke ovyo. Asichoshe macho — yaani asisome! Mwalimu wa fasihi kukatazwa kusoma ni kama mimi kukatazwa kushika bisibisi. Kwa daktari alisema ndiyo tu. Daktari alipogeuka, akaniagiza ile riwaya nene iliyo chini ya mto wake, niwe namsomea saa ya kutazama wagonjwa.

Mimi, fundi wa friji. Kitabu cha mwisho nilichokimaliza kilikuwa cha maelekezo ya kompresa, nacho kilikuwa na picha.

Jumanne, 5 Machi

Tumeanza. Kuna mwanamke, mpimaji wa ardhi. Kaka yake kapotelea mlimani, naye anamfuata. Mlima una malango saba, kila lango lina mlinzi, na kila mlinzi anadai neno moja. Ukilitoa limekwenda. Hulitamki tena, hulikumbuki, na kitu chenyewe kinakuwa kigeni machoni pako. Lango la kwanza kalipa “chumvi”. Tangu hapo kila anachokula kimepungukiwa na kitu asichoweza kukitaja.

Nilisoma kwa kukwamakwama, kama injini iliyoingiwa na maji. Sentensi ndefu kama foleni ya benki! Miti inasikiliza, ndege wana nyuso za watu waliokwisha kufa. Nikauliza huu mlima ni nini hasa, maana mlima wa kawaida haudai kitu. Mke wangu kafumba macho, anatabasamu. Kasema nisome tu, anayeuliza ameshaingia.

Jumatano, 6 Machi

Kumbe wodi nzima inasikiliza. Vitanda vinne. Anayelala karibu na mlango wanamwita Mama Pacha, tumbo lake hufika kabla yake. Kaniomba nipaze sauti, wao wa mlangoni wanaambulia nusunusu.

Lango la pili na la tatu. Halafu ubishi. Mshonaji wa kitanda cha dirishani anasema mlima ni ndoa: kila mwaka unaacha neno langoni, na yeye mwaka wa kwanza tu aliacha “sitaki”. Wamecheka mpaka sista akaja kuwakumbusha presha zao. Mama Pacha kakataa. Huo ni ujauzito, kasema. Malango saba ni miezi saba, ile miwili ya mwanzo mtu hajijui. Nikamgeukia mwalimu atoe hukumu. Kasema wote wamepata. Kitabu kizuri ni nyumba ya vyumba vingi, kila mgeni anakuta kitanda chake kimetandikwa.

Mimi nikasema mlima ni mlima. Wamenizomea.

Mama mkwe alikuwapo, anakunja kanga. Baadaye kaniita koridoni. Kwa upole, kama kawaida yake, kasema habari za watu kupotelea milimani si za kusomewa mgonjwa. Hakuna hadithi yenye heri? Nikamwambia nimekusikia, mama. Kusikia nimesikia. Sikuahidi kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Daktari kanieleza wazi. Kila siku mtoto anayokaa tumboni ni faida yake, na kila siku presha inayokaa juu ni hatari kwa mama. Wanapima hili na lile kila asubuhi. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Leo friji ya bucha. Nimejaza gesi, nikakaa kungoja kama itashika baridi. Nikafungua kitabu — nimeruka mbele peke yangu, wizi mtupu. Lango la sita. Mlinzi anadai jina la kaka. Jina la mtu yuleyule anayemtafuta! Naye, baada ya kulia kurasa tatu, analitoa. Anaendelea kupanda bila kujua anamfuata nani.

Nikakifunga. Mwenye bucha kaniona uso, akauliza kama friji ndiyo basi tena. Nikamjibu friji ni nzima.

Mwandishi huyu ana roho ngumu. Lakini siwezi kumchukia. Hamwachi yule mwanamke peke yake hata kwa sentensi moja, anapanda naye.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya ujinga. Nilipofika lango la sita nikatunga yangu. Mlinzi kamwonea huruma mpimaji, kamruhusu bure, mambo yakaendelea. Nilikuwa natazama ukurasa na kusoma kisichokuwapo.

Mke wangu kafumbua macho.

“Mlinzi wa huu mlima hawezi kusema ‘pita tu dada, hamna shida’. Huyo ni fundi friji anayempunguzia mteja.”

Mama Pacha kacheka mpaka kashika tumbo. Mke wangu hakucheka. Kanishika kiganja.

“Unaniogopea.”

Nikasema ndiyo.

“Niogopee, sikukatazi. Ila nisomee kilichoandikwa.”

Nikasoma. Mpimaji kasahau jina, kasahau kwamba aliwahi kuwa na kaka. Ila miguu haikusahau. Asubuhi inaamka na kupanda, naye anaifuata kama mtu anayevutwa na mtoto sokoni. Mshonaji alikuwa analia waziwazi, anafuta kwa pindo la shuka.

Na mimi nikajikuta pale. Wiki nzima napanda ngazi za hospitali, saa tisa na nusu kamili, kwa ajili ya mtu ambaye sijamwona sura. Basi mlima si mlima tu. Nimekubali kimoyomoyo. Wangenicheka.

Wakati wa kuondoka mama mkwe kaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: na huyo kaka yake, yu hai? Nikamwambia hatujafika, mama. Kaguna. Kasema kesho atakuja mapema.

Jumatatu, 11 Machi

Hatukusoma. Kichwa kinamuuma, anaona vimulimuli. Pazia limevutwa kitandani kwake. Mama Pacha na Mshonaji wanaongea kwa kunong'ona.

Jumanne, 12 Machi

Hospitali wamempigia simu mama mkwe, mama mkwe kanipigia mimi. Nimeacha friji ya watu wazi, vyuma vimetapakaa sakafuni. Nilipofika walikuwa wanamsukuma. Hawawezi kungoja tena, ni upasuaji sasa hivi. Alinitazama tu. Mdomo wake ulikuwa mzito kwa dawa.

Koridoni. Benchi moja, mimi na mama mkwe. Kitabu kiko kwenye mfuko wa zana. Zimebaki kurasa kumi na nne.

Saa tano kasoro. Sista katoka na barakoa shingoni. Mtoto wa kike. Kilo moja na robo. Amelia, kasema, tena kwa hasira. Anapelekwa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, jengo la pili, na anatakiwa mzazi amfuate sasa. Nikauliza mama yake. Kasema bado anatoka damu, madaktari wako juu yake, tusubiri. Kisha mlango ukafungwa.

Sikuweza kuondoka. Nilisema nitangoja kwanza nimwone. Sista wa pili alikuwa kashatangulia na kile kisanduku cha kioo, anageuka kuniangalia.

Mama mkwe kasimama. Hajawahi kunigusa tangu nimwoe binti yake, ndiyo heshima yetu. Kaniweka mkono begani.

“Baba, nenda kwa mwanao. Mimi nabaki na mwanangu.”

Nimekwenda.

Niko jengo la pili. Wamenipa gauni, nangoja zamu ya kunawa mikono mpaka viwiko. Kwa dirisha hili koridoni kunaonekana, ng'ambo ya ua. Mama mkwe kasimama palepale, uso kwenye mlango wa upasuaji. Benchi liko nyuma yake na bado hajakaa.