Chui Ndani ya Pazia

Mama, shikamoo.

Najua marahaba sitaisikia, ila sijui namna nyingine ya kuanza na wewe. Ni mimi Nyamizi, mwanao uliyemfundisha kushona mapazia ukasema mshono wake unayumba kama mlevi.

Tangu tukuzike Bujora, Baba halali chumbani kwenu. Analala kwenye kochi, miguu inaning'inia, asubuhi shingo haigeuki. Tukimuuliza anasema chumbani kuna joto. Kweli lipo. Unalijua lile jiwe nyuma ya nyumba, likishapigwa jua linalirudisha lote dirishani, na pazia lako zito limekatika kamba, limelala upande. Nikitaka kulitengeneza ananikataza. "Liache. Unataka aondoke mara mbili?"

Mama, nimemwona anavyokonda. Niliogopa.

Jumamosi alipokwenda jumuiya nikalishusha. Nilisema nibadilishe kamba na bitana tu, kabla hajarudi. Nikafumua pindo la chini. Mbele kitenge, nyuma ile bitana nyeupe ya kuzuia jua, na katikati, pale ulipotufundisha kuweka blanketi chakavu la mtumba, nikaona jicho la chui linanitazama.

Mama jamani. Lile blanketi la chui! Alilokununulia Baba kwa mshahara wake wa kwanza wa kiwanda cha samaki, nawe ukasema limeibiwa kwenye kamba tukiwa kanisani. Baba hakuacha kulisikitikia. Hata ulipolazwa aliniambia, mama yako aliumia sana kwa lile blanketi. Kumbe mwizi ni wewe, na sikuhitaji kuambiwa sababu. Baba alikuwa zamu ya usiku, mchana anajigeuzageuza kwa mwanga na joto, na blanketi lingine hatukuwa nalo. Miaka yote hiyo amelala usingizi mzuri nyuma ya kitu anachokitafuta.

Nilicheka peke yangu, halafu nikalia mpaka sindano ikanipotea. Baba akanikuta hivyo hivyo sakafuni, pazia limefumuliwa. Nikajua leo nimekwisha. Akapiga magoti polepole, akampapasa yule chui kutoka kichwani hadi mkiani.

"Mwizi wangu," akasema.

Kisha akaniokotea sindano. "Lishone lilivyokuwa. Asijue kama tumeona."

Nimelishona, Mama, mshono umenyooka, ungeukubali. Sasa hivi ni saa nane mchana, jiwe linawaka huko nje, na Baba anakoroma kitandani kwenu. Nilikukumbuka vibaya sana nilipomsikia, nikashindwa kunyamaza.

Lala salama, Mama. Hili pazia nitalitunza, kamba ikichakaa nitaibadilisha, na huyo chui hataguswa na mtu. Ila siku mtakapoonana na Baba, nakuomba ujifanye hujui kama tuliona. Mwache yeye ndiye alitaje blanketi.

Mwanao,
Nyamizi