Bapu Hakuita Mvua

Mpendwa Bapu, baba yangu,

Kaka Kishor anataka kukufanya mganga, na mimi nimekataa. Ametengenezesha picha yako kubwa kwa ajili ya hekalu la hapa Shinyanga, na chini yake anataka yaandikwe maneno haya: "Aliita mvua Kahama." Anasema enzi za uhai wako ulikuwa na siddhi, zile nguvu za miujiza wanazopata wacha Mungu waliokamilika. Ati nikae kimya, mimi mdogo. Thubutu!

Nilikuwepo, Bapu. Mwaka ule wa ukame mpunga ulikauka mashambani, ng'ombe wakabaki mifupa. Wewe kila asubuhi, kabla ya kufungua duka la kanga, ulimwagilia tulsi yako, ule mmea wetu mtakatifu, iliyoota kwenye debe la mafuta ya taa, huku unamwimbia Krishna kwa ile sauti yako mbovu. Siku moja, katikati ya wimbo, mvua ikashuka. Basi! Kahama nzima ikasema debe lile lina dawa. Kufika jioni tulsi ilibaki vijiti vitupu, kila mtu kachuma jani lake. Jirani yetu Mama Shija akaja na jogoo mweupe, akapiga goti: "Shikamoo, mfumu." Mganga! Wewe, muuza kanga! Ulicheka mpaka ukatoa machozi.

"Marahaba, Mama Shija. Mmea huu ni ndugu yake kivumbasi tu, hata kwako upo. Na Krishna si kibarua wangu."

Jogoo ukamrudishia.

Mwaka uliofuata Mama akaugua. Homa ilipokataa kushuka nilikuvuta shati nikilia: "Mwambie Krishna amponye, kama ulivyoita mvua!" Ukachuchumaa mbele yangu.

"Sikuiita, binti yangu. Ilikuja yenyewe. Ningekuwa na uwezo huo, ungeona ningeanza na nani."

Mama akafa. Asubuhi baada ya kuuchoma mwili wake, nilikukuta palepale kwenye debe, kopo mkononi, unaimba na sauti inakatika. Nilipandwa na hasira. Unamwimbia wa nini huyo, na hakukupa? Ukanijibu bila kugeuka: "Simwimbii ili anipe."

Kukamilika ni huko, Bapu. Kishor alikuwa shule ya bweni, hakukuona ukiimba asubuhi ile. Mimi nilikuona.

Jumapili nitasimama hekaluni mbele ya wote. Wanune, wasinialike tena kwenye harusi zao, shauri yao. Nitamwambia: Kishor, kama Bapu aliweza kuita mvua kwa ajili ya mpunga wa watu, basi alimwacha Mama afe makusudi. Haya, andika na hilo chini ya picha.

Pumzika, Bapu. Tulsi nimeshaimwagilia.

Ni mimi binti yako, mwenye sauti mbovu kama yako.