Likizo Ambayo Sikunyimwa

Al Barsha, Dubai

Mama,

Shikamoo. Dada Ndeshi ananiambia goti bado linakusumbua asubuhi, na kwamba mvua imewahi mwaka huu. Mimi ni mzima. Kazi ni ileile: asubuhi bandarini Jebel Ali kutafuta habari za meli na mizigo, mchana ofisini kuziandika.

Kuna habari moja sikukupa sawasawa. Krismasi nilikuambia mhariri amenikatalia likizo. Hakukataa. Alinipa siku kumi, nikaenda milimani na marafiki.

Karibu na ninapoishi kuna jengo la maduka lenye ukumbi wa theluji ndani. Watu huteleza humo kwa skii huku nje jua linachoma. Swaleh, kijana wa Mombasa, hukodisha viatu pale. Alinifundisha mimi na Wanjiru, muuguzi kutoka Nyeri. Jumapili zangu zilikuwa tupu, Mama. Pale palikuwa na watu wanaonijua jina. Wakapanga safari ya nchi ya Georgia, kwenye theluji ya kweli, nikasema ndiyo.

Huko hakuna mashine ya kukupandisha. Unabandika mikanda ya manyoya chini ya skii zisirudi nyuma, unapanda kwa nguvu zako mpaka kibanda cha kulala. Nilikuwa wa mwisho njia nzima.

"Wewe Mchaga mzima!" Swaleh akanipigia kelele. "Umezaliwa mlimani, leo wahema kama bata?"

"Sisi mlima tunautazama," nikamjibu. "Kuupanda ni kazi ya wageni."

Kibandani, mama anayekitunza alitupa daftari. Kila mgeni huandika jina lake, njia atakayopita kesho, na mtu wa kuarifiwa akipatwa na ajali, maana theluji ya huko huporomoka ikafukia watu. Swaleh aliandika jina la mamake, kisha akampigia video pale dirishani penye mtandao.

"Swaleh, funika masikio!" nikamsikia mamake akifoka kwenye simu. "Na hao wenzio pia wafunike!"

Wanjiru naye akapiga kwao. Halafu akanigeukia. "Na wewe? Mathe hajui uko huku?"

Nilikuwa nimeshaandika jina lako. Nikalikata. Nilimfikiria mtu akikupigia kukuambia mwanao yuko chini ya theluji, nawe ukimjibu kwamba amekosea namba, wako yuko kazini Dubai. Nikaandika jina la mhariri.

Hakuna kilichotupata. Kesho yake tuliteremka salama, wenzangu wakiimba. Lakini sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa katika kibanda kile chenye watu tisa.

Sababu ni hii. Ilikuwa Krismasi ya kwanza bila Baba. Ningefika, ningekabidhiwa kisu, nichinje mbuzi na kumgawia kila mtu sehemu yake kama alivyofanya yeye. Nimeandika habari za ajali na mafuriko bila kurudi nyuma. Hilo nililikimbia. Ndeshi aliniambia Baba Mdogo ndiye aliyegawa, na kwamba sehemu yako hukuigusa.

Jumamosi nilikwenda Satwa, nikakuta masale, majani yetu ya kuombea msamaha, yamepandwa kwenye vyungu, yanauzwa kama pambo. "Zuri kwa ofisi, sir," muuzaji akaniambia. Nilinunua chungu kimoja, nikakata jani, nikalifunga fundo. Limo humu. Najua isale mkosaji hulileta mwenyewe, au humtuma mtu mzima amwombee. Barua hii inabebwa na mwenzetu wa Moshi anayerudi nyumbani. Nimemsihi akupe mkononi.

Najua pia kwamba isale halikataliwi, na hapo ndipo ninaposita. Sitaki unisamehe kwa sababu ya mila tu. Kama moyo haujakubali, liache likauke. Desemba nitakuja kusema nawe ana kwa ana. Likizo nimeshapewa, safari hii ni kweli.

Msalimie Ndeshi, anayekutunza kwa niaba yetu sote, na Baba Mdogo, aliyesimama mahali pangu, na shangazi Anasia, ambaye hakuniamini tangu mwanzo.

Mwanao wa kwanza,
Elia